Picha ya kitu kisichoonekana: jinsi usumaku wa diski ngumu unavyochunguzwa

Katika kibanda cha fundi mmoja wa komine Kenya (ile ya hapa Lubumbashi, si nchi) kuna sahani ya diski ngumu iliyotundikwa kwa uzi karibu na mlango, na wateja huitumia kama kioo. Fundi aliitoa ndani ya kompyuta ya ofisi iliyokuwa imekataa kusoma chochote. Alifungua skrubu zake zenye tundu la nyota, akazibandua sumaku mbili ambazo moja ilimng'ata kidole, kisha akaniambia: "Papa, hii ilishakufa, chukua sumaku zake tu." Nilimwuliza kilichokufa ni nini hasa, sahani au kichwa kinachoisoma. Aliigeuzageuza sahani kwenye jua, hakuona mkwaruzo hata mmoja, akajibu kwamba humo anaona uso wake tu.

Jibu hilo linaeleza shida yote inayozungumzwa katika makala haya. Sahani ile ina mabilioni kwa mabilioni ya alama zilizopangwa kwa utaratibu mkali, lakini jicho linapoitazama halipati chochote isipokuwa mng'aro. Kichwa kidogo kilichokuwa kikielea juu yake nacho kina maisha ya ndani yenye vurugu nyingi, na maisha hayo pia hayaonekani. Hata hivyo wahandisi wanaounda vifaa hivi hawawezi kufanya kazi kwa kubahatisha, na kwa hiyo zimebuniwa njia kadhaa za kuupiga picha usumaku. Jambo ambalo mara nyingi halisemwi waziwazi ni kwamba kila njia huona kitu tofauti, na kwamba picha mbili za kifaa kimoja zinaweza kutofautiana bila yoyote kati yake kuwa ya uongo.

Tuanze na kifaa chenyewe. Diski ngumu, ambayo mafundi wetu huiita disiki diri kwa kuwa Kifaransa kimewakaa mdomoni, huhifadhi taarifa kwa kugeuza mwelekeo wa usumaku katika punje ndogo sana za metali zilizomo ndani ya tabaka jembamba. Kwa miongo mingi tabaka hilo limekuwa aloi ya kobalti, kromiamu na platini. Kobalti ndiyo inayobeba usumaku, platini huufanya ushikilie upande wake bila kuyumba, na kromiamu pamoja na oksidi zinazopita kati ya punje husaidia kuzitenga ili kila punje isifuate jirani yake. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kobalti ni nini, kwa maana zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini kwetu, na ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuri unaoonekana kutoka pembe nyingi za mji umekuwa ukichakatwa upya kwa sababu ya kobalti iliyobaki ndani yake. Lakini mtu asidhani kwamba diski hula kobalti nyingi. Tabaka la kuandikia lina unene wa nanomita 15 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na nikipiga hesabu ya haraka kwa sahani yenye kipenyo cha sentimita 9.5, pande zote mbili zikijumlishwa hupata miligramu chache tu, ilhali betri ya gari la umeme ya aina ya nikeli, manganisi na kobalti hubeba kilo kadhaa.

Sahani ndiyo sehemu tulivu ya mashine. Sehemu yenye mambo ni kichwa. Kichwa cha kuandikia ni sumaku ya umeme iliyopunguzwa hadi kikomo: waya mchache uliozungushwa, kiini cha metali tiifu, yaani metali ambayo usumaku wake hugeuka upesi unapoamriwa, na ncha iliyochongoka hadi upana wa makumi ya nanomita. Aloi za nikeli na chuma hutumika palipo na haja ya utiifu, na aloi za chuma na kobalti hutumika katika ncha ambapo nguvu ndiyo inayotakiwa. Kando yake kipo kichwa cha kusomea, ambacho ni matabaka mawili ya sumaku yaliyotenganishwa na kihami chembamba sana cha oksidi ya magnesiamu. Tabaka moja limefungwa lisigeuke, na jingine limeachwa huru lifuate uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoenea hewani, unaotoka kwenye sahani. Yanapoelekea upande mmoja umeme hupita kwa urahisi, na yanapopingana hupita kwa shida. Babu wa kifaa hiki ni ugunduzi uliofanywa mwaka 1988 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja la Albert Fert nchini Ufaransa na jingine la Peter Grünberg nchini Ujerumani, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007. Juu na chini ya kichwa cha kusomea huwekwa ngao za metali tiifu ili kisisikie kelele za alama za jirani.

Kasi ya kazi yenyewe inatisha. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hupita chini ya kichwa, kwenye ukingo wake wa nje, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na nafasi kati ya kichwa na sahani wakati wa kusoma au kuandika ni ya nanomita moja au mbili. Alama moja hupewa takriban nusu ya nanosekunde, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo mwanga, ambao hakuna kinachoushinda mbio, husafiri sentimita 15, urefu wa kalamu. Ndani ya muda huo usumaku wa ncha lazima uwe umeshageuka kikamilifu kutoka kaskazini hadi kusini, na mara nyingine urudi tena.

Unajuaje kwamba umegeuka kweli? Njia ya kwanza ni kuandika, kusoma, kisha kuhesabu makosa. Kila kiwanda hufanya hivyo, na bila kipimo hicho hakuna diski ambayo ingeuzwa. Lakini kipimo hicho hutoa tarakimu, na tarakimu haisemi sababu. Nitoe mfano ninaoupenda, kwa kuwa unaonyesha vizuri mahali ambapo tarakimu huishia. Umeme wa kuandikia unapokatwa, ncha ya kichwa inapaswa kutulia na kuacha kutoa uga wowote wa maana. Iliwahi kuonekana kwamba baadhi ya vichwa havikutulia: umeme ulikuwa umekatwa, lakini ncha iliendelea kubeba usumaku, na kwa kuwa sahani iliendelea kuzunguka chini yake, ilifuta taarifa nzuri ambazo hakuna aliyeagiza zifutwe. Kipimo kilisema tu kwamba taarifa zimepotea. Hakikusema kama kosa ni la metali, la umbo la ncha, la waya, au la namna umeme ulivyozimwa. Kuna ngao pia ambazo, mpangilio wa ndani ukikaa vibaya, huweza kufuta alama zilizo mbali na ncha. Ili kuyaelewa haya ilibidi kutazama ndani ya metali, na ndani ya metali kuna vikoa.

Wazo la vikoa lilitolewa na Mfaransa Pierre Weiss mwaka 1907. Alijiuliza kwa nini kipande cha chuma kinaweza kukaa mezani bila kuvuta kitu, ingawa atomi zake ni sumaku zenye kupenda kuelekea upande mmoja. Akapendekeza kwamba chuma kimegawanyika katika maeneo mengi madogo, ambamo kila eneo lina mwelekeo mmoja, lakini maeneo yenyewe yanaelekea pande mbalimbali hadi yakafutana. Maeneo hayo ndiyo vikoa, na mpaka kati ya kikoa na kikoa huitwa ukuta. Metali inapovutwa na uga wa nje, kuta hizo husogea, vikoa vinavyokubaliana na uga vikinenepa na vinavyopingana nao vikikonda. Kuta hazisogei kwa upole. Hukwama kwenye kasoro ndogo za metali, kisha hujinasua kwa kishindo. Mjerumani Heinrich Barkhausen alivisikia vishindo hivyo mwaka 1919, na hata leo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuvisikia: uzungushie msumari waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye transfoma ya zamani, mizunguko elfu moja au zaidi, uunganishe waya huo na kikuza sauti, kisha sogeza sumaku polepole. Spika itatoa mchakacho kama wa mchanga unaomwagwa juu ya bati. Kila chembe ya mchakacho ule ni ukuta uliokwama na kujinasua. Kichwa cha kusomea chenye kuta za namna hiyo hutoa kelele ileile, ila yenyewe huangukia kwenye taarifa zako.

Mwaka 1931 Francis Bitter alionyesha kwamba unga laini wa sumaku ukimwagwa juu ya metali iliyong'arishwa hujikusanya pale uga unapochomoza, yaani juu ya kuta, na hivyo huchora mipaka ya vikoa. Mbinu hii inawezekana hata hapa kwetu. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, nyunyiza unga mwembamba sana wa chuma juu ya mstari wake mweusi, kung'uta uliozidi, na mistari midogo itajitokeza mmoja baada ya mwingine kama meno ya kitana. Nilijaribu jambo hilohilo kwenye sahani ya fundi, naye akanisamehe kumchafulia kioo chake. Hakikuonekana kitu, wala hakikupaswa kuonekana: alama za diski ya kisasa zina urefu wa nanomita kumi na kitu, na punje ya unga wangu ilikuwa kubwa kuliko alama elfu moja zilizopangwa mstari.

Baada ya unga ulikuja mwanga. John Kerr wa Uskoti alitambua katika miaka ya 1870 kwamba mwanga ambao mawimbi yake yote yanatikisika katika bapa moja, ukiakisiwa na uso wa sumaku, hurudi bapa lake likiwa limepinda kidogo. Kupinda huko ni kwa sehemu ndogo tu ya digrii moja, na mwelekeo wake hutegemea usumaku unakoelekea. Ukiweka mbele ya hadubini kichujio kinachopitisha bapa moja tu, vikoa vinavyoelekea upande mmoja vitaonekana vyeusi kiasi na vya upande mwingine vyeupe kiasi. Hii ndiyo hadubini ya Kerr, na kwa maoni yangu ndiyo mbinu yenye uungwana kuliko zote: haigusi kifaa, haikikati, haihitaji ombwe, na huona usumaku wenyewe badala ya uga unaovuja nje. Ina mipaka yake. Mwanga hupenya metali kwa nanomita 20 hivi tu, hivyo hujui kinachoendelea chini ya ngozi. Pili, mwanga unaoonekana hauwezi kutofautisha vitu vilivyo karibu kuliko robo ya mikromita hivi, yaani nanomita 250, ilhali ncha ya kichwa cha kuandikia ni ndogo kuliko hapo mara kadhaa. Kwa hiyo Kerr huutazama mwili wa kichwa vizuri, na ncha yake huiona kama nukta.

Nguvu kubwa ya mwanga ni wakati. Mafundi wa magari ya zamani wa mji huu wanaijua taa ya kupangia moto wa plagi: taa inawaka kila plagi ya kwanza inapopiga cheche, na alama iliyochorwa kwenye puli, ambayo inazunguka mbio, huonekana imesimama. Watafiti wa vichwa vya diski hufanya hivyo kwa leza yenye mipigo mifupi sana, ya muda ulio mara elfu kumi chini ya nanosekunde. Umeme wa kuandikia hutumwa kwenye kichwa tena na tena, mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila mpigo wa umeme hufuatwa na mpigo wa mwanga baada ya muda uleule. Mtafiti anapotaka kuona kilichotokea baadaye kidogo, hahitaji saa ya ajabu. Husogeza kioo nyuma ili mwanga usafiri njia ndefu zaidi. Kioo kikirudi nyuma sentimita 15, mwanga huenda na kurudi na kuongezewa sentimita 30, nao huchelewa nanosekunde moja. Hatua kwa hatua sinema inakusanywa.

Sinema hizo zimeonyesha jambo ambalo kipimo cha makosa kisingelisema kamwe. Mtu angetarajia kwamba umeme ukiwashwa, usumaku wote wa mwili wa kichwa hugeuka kwa pamoja kama askari wanapoamriwa. Badala yake, mara nyingi usumaku hupita katikati kama mkondo mwembamba unaoelekea kwenye ncha, ilhali kingo zinabaki nyuma, na umeme unapozimwa sehemu zote hazitulii kwa wakati mmoja. Umbo la kiini, pembe zake, na matabaka ambayo metali imegawanywa, vyote hubadili mkondo huo. Mhandisi aliyeona picha anaweza sasa kubadilisha pembe fulani akiwa na sababu.

Lakini hapa inabidi kuwa mwangalifu. Taa ya fundi wa magari huonyesha alama iliyosimama kwa sharti moja tu, kwamba injini inarudia mwendo uleule kila mzunguko. Sinema ya leza nayo ni wastani wa mamilioni ya marudio. Kama kichwa hukosea mara moja katika milioni, kosa hilo litazama ndani ya wastani bila kuacha hata kivuli. Kama ukuta wa kikoa hukaa leo huku na kesho kule, picha itaonyesha ukungu ambao mtazamaji mwepesi atausoma kama eneo lenye usumaku dhaifu. Kile kichwa kinachofuta baada ya kuandika kilikuwa na tabia hiyohiyo ya kutokea na kutotokea.

Kwa mambo madogo zaidi hutumika hadubini ya nguvu ya sumaku, iliyobuniwa mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya hadubini ya nguvu za atomi. Sindano iliyopakwa metali ya sumaku, mara nyingi aloi ya kobalti na kromiamu, imewekwa mwisho wa utepe mwembamba unaotetema. Sindano hupita mara mbili juu ya kila mstari. Kwanza hupapasa umbo la uso kama kipofu anavyopapasa ukuta. Kisha huinuliwa makumi ya nanomita, hurudia njia ileile kwa urefu uleule kutoka juu ya uso, na safari hii kinachobadilisha mtetemo wake ni sumaku peke yake. Kwa njia hii alama za diski huonekana waziwazi, mistari myeupe na myeusi, hadi nanomita 20 au 30, na mashine bora hufika chini ya hapo. Ni mbinu inayokaa mezani, na ndiyo iliyotoa picha nyingi za alama za diski ambazo msomaji huenda amewahi kuziona.

Hata hivyo sindano haioni usumaku. Huhisi uga unaovuja nje ya uso, na hata huo huuhisi kwa namna unavyobadilika kutoka urefu hadi urefu. Hili si neno la kubishana bure. Mipangilio miwili tofauti ya usumaku ndani ya metali inaweza kutoa uga uleule nje, na kikoa kikubwa kilicholala vizuri ndani ya uso kinaweza kisitoe uga wowote, kikaonekana kama mahali patupu. Tena sindano yenyewe ni sumaku. Juu ya sahani ya diski, ambayo metali yake ni kaidi, yaani usumaku wake haugeuki kirahisi, haina madhara. Juu ya ngao ya metali tiifu inaweza kuuburuta ukuta wa kikoa ikauacha mahali pengine, na picha ikawa ya jambo ambalo mpiga picha amelisababisha mwenyewe.

Elektroni hutoa mtazamo wa tatu. Elektroni inayopita ndani ya uga wa sumaku husukumwa kando, na hadubini inayopitisha elektroni kwenye kipande chembamba huweza kuonyesha kuta za vikoa kama nyuzi nyeusi na nyeupe. Mjapani Akira Tonomura, akifanya kazi katika kampuni ya Hitachi, aliifikisha mbali njia ya holografia ya elektroni, yaani kunasa namna mawimbi ya elektroni yalivyocheleweshwa na si wingi wake tu, wazo ambalo Dennis Gabor alikuwa amelitoa mwaka 1948. Katika picha hizo mistari inayochorwa ni mistari ya usumaku halisi, na kati ya mstari na mstari kuna kiasi maalumu kisichobadilika cha mtiririko wa sumaku. Ni picha zenye uzuri wa kipekee. Gharama yake ni kwamba kipande lazima kiwe chembamba kuliko nanomita 100 hivi, kwa hiyo kichwa hukatwa kwa mwali wa ioni hadi kibaki kama utando, na utando uliokatwa hauna umbo wala mkazo uleule wa kichwa kizima.

Eksirei huongeza kitu ambacho hakuna mbinu iliyotangulia inacho: hutambua elementi. Kobalti hufyonza eksirei zenye nishati ya elektroni-volti 778 hivi kwa pupa ya pekee, na chuma hufanya hivyo kwenye 707 hivi. Ukitumia eksirei zinazozunguka mkono wa kulia, kisha zinazozunguka mkono wa kushoto, kiasi kinachofyonzwa hutofautiana kulingana na usumaku wa elementi hiyo peke yake. Katika kichwa cha kusomea chenye matabaka yaliyolaliana kama mikeka, mtafiti anaweza kuuliza kobalti inaelekea wapi bila kuchanganyikiwa na nikeli ya ngao. Tabia hiyo ilionyeshwa mwaka 1987 na kundi lililoongozwa na Gisela Schütz nchini Ujerumani, na tangu miaka ya 1990 imekuwa ikitumika kupiga picha za vikoa. Eksirei za namna hii zinahitaji sinkrotroni, pete kubwa ambamo elektroni hukimbizwa karibu na mwendo wa mwanga. Afrika haina hata moja. Kobalti yetu inachunguzwa tabia zake kwingine, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzungukazunguka.

Siku hizi kuna pia vipande vya almasi vyenye kasoro maalumu, atomi ya nitrojeni kando ya nafasi iliyo wazi, ambavyo mwanga wake hubadilika kulingana na uga uliopo. Vimeshatumika kupima uga wa kichwa cha kuandikia, na uzuri wake ni kwamba hutoa kipimo halisi cha uga bila kuusumbua.

Sasa turudi kwenye kutofautiana kwa picha. Tuseme ngao imepigwa picha kwa Kerr ikaonyesha vikoa vinne vilivyopangwa vizuri, na sindano ikaonyesha mahali pengi patupu na nyuzi mbili tu. Mtu mwenye haraka atasema mojawapo imekosea. Lakini Kerr imesema usumaku wa ngozi unaelekea wapi, na sindano imesema ni wapi uga unavuja. Vikoa vinne vilivyopangwa kwa duara huelekezana ndani kwa ndani na havivuji isipokuwa kwenye kuta. Picha mbili zimesema jambo moja kwa lugha mbili. Ndiyo maana watafiti huweka katikati yake hesabu ya kompyuta: hugawa kifaa katika vijisanduku vya nanomita chache, hukokotoa kila kijisanduku kitakavyoelekea, kisha hutabiri Kerr ingeona nini na sindano ingehisi nini. Mpangilio unaozaa picha zote mbili ndio unaoaminiwa, na ukizaa moja tu hutupwa, hata kama picha hiyo moja inapendeza.

Haja ya mbinu hizi imezidi kwa sababu punje za kobalti zimefika kikomo. Punje ikipunguzwa sana, joto la kawaida la chumba hutosha kuigeuza na taarifa hupotea yenyewe. Ukitumia metali kaidi zaidi ili ishikilie, ncha ya kichwa hukosa nguvu ya kuiandika. Njia iliyochaguliwa ni kuipasha moto kwa nukta moja. Diski zenye uwezo wa terabaiti 30 na zaidi, ambazo Seagate ilizitangaza Januari 2024, hutumia punje za chuma na platini, na kichwa chake kina leza ndogo na kipande cha dhahabu kinachoubana mwanga hadi nukta iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi lake. Nukta hiyo hupashwa hadi nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, huandikwa, kisha hupoa, yote ndani ya muda wa nanosekunde moja hivi. Kwa mpiga picha hii ni kazi mpya kabisa, kwa sababu sasa anatakiwa kuona joto na usumaku kwa pamoja, katika eneo ambalo mwanga wa kawaida ni mkubwa mno kwake na sindano ni ya polepole mno.

Sahani ya komine Kenya ni ya kizazi cha kobalti. Nilipopita pale juzi ilikuwa ingali mlangoni, na nilimweleza fundi kwamba huenda kilichokufa ni kichwa tu, na kwamba barua na hesabu za ofisi ile zinaweza kuwa bado zipo juu yake, punje hii ikielekea juu na ile chini kama zilivyoachwa. Alinitazama, akaitazama sahani. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yake, anakaza kitambaa chake cha kichwa, na fundi aliniashiria ningoje kwanza amalize.